Je, wajua kwa nini fulana kuukuu haiwezi kuziba jahazi?

Ukipita Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo kisiwani Lamu, huenda ukakuta fundi anatia kalafati. Husokota pamba, huichovya mafuta, kisha huishindilia kwenye mianya ya mbao. Basi kwa nini asichukue fulana zilizochakaa, zilizojaa jaani bila bei?

Jibu limo ndani ya uzi. Chombo kikishushwa majini, pamba hunywa maji, huvimba, na mwanya ukabanwa. Hata ikiwa imeanikwa kambani, pamba hubeba unyevu wa hewa unaofikia kama asilimia 8 ya uzito wake. Fulana nyingi za leo zina poliesta, nayo hushika asilimia 0.4 tu. Haivimbi ng'o. Ni plastiki ileile ya chupa za maji, iliyoyeyushwa ikavutwa kuwa nyuzi. Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, ndio walioivumbua mwaka 1941, na sasa zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani ni hiyo.

Tazama leso ya pamba ilivyoishi nyumbani. Ikishapauka kwa kuvaliwa hugeuka mbeleko, ikaja kuwa nepi, kisha tambara la kuepulia sufuria, mwisho utambi wa taa. Hadi ifike jaani, hapakubaki cha kutupa ila vipande vinavyooza. Jaribu kuepua sufuria kwa kitambaa cha poliesta uone: kinayeyuka na kukuganda vidoleni. Kupigia deki nako hakifai, maji hukimbia huku na huku.

Halafu kuna mwendo wa kutengeneza. Kofia ya vito ya Lamu, ile iliyodariziwa vitundu vidogo, humchukua mshonaji miezi, tundu moja baada ya jingine, kwa sindano ya mkono, nani ataitupa? Kiwandani poliesta huvutwa zaidi ya mita 3,000 kwa dakika. Ndiyo maana fulana ni rahisi kuliko sahani ya biriani, na hutupwa kwa wepesi uleule.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Lakini plastiki iliyotiwa mikono na kola bado inaingia ndani ya marobota ya mitumba, na sijasikia mtu akiiita plastiki. Kila ikifuliwa huachia vinyuzi visivyoonekana kwa macho, vikafuata maji ya mtaro hadi baharini. Na ikiwa imesokotwa pamoja na pamba, kuzitenganisha ili zitumike upya ni kazi ngumu na ghali.

Hata shati la pamba tupu mara nyingi limeshonwa kwa uzi wa poliesta. Lizike uani, ulifukue baada ya miaka: kitambaa kimekwisha, mishono ipo, imechora umbo la shati mchangani.