Aivi na Kuta za Kale: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kukata

Katika maandishi ya Kiingereza, ni nadra jengo kongwe kusifiwa bila kutajwa aivi, mmea unaotambaa na kupanda ukutani. Thomas Gray, katika shairi lake la maombolezo lililochapishwa mwaka 1751, alimweka bundi anayeulalamikia mwezi kutoka kwenye mnara uliogubikwa na mmea huo. Miaka ya 1830 Charles Dickens aliutungia shairi zima, ambamo aivi ni mlaji anayechagua chakula chake, na chakula hicho ni kuta zilizomeguka na mawe yaliyooza. Marekani nayo iliuhusisha na elimu ya juu: mwaka 1933 mwandishi wa michezo Stanley Woodward alivitaja vyuo vikongwe vya mashariki ya nchi hiyo kwa jina la mmea huu, na mwaka 1954 vyuo vinane, vikiwemo Harvard, Yale na Princeton, vikaungana rasmi katika ligi ya michezo inayobeba jina hilo mpaka leo, Ivy League.

Sifa hizo mbili, ya heshima na ya ulafi, zimewaathiri wenye majengo kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Wako waliopanda aivi ili nyumba mpya ionekane ya kale, na wako walioing'oa kwa hasira wakiamini kwamba inatafuna mawe. Sisi tunaoshughulika na uhifadhi tunalazimika kuanza na mmea wenyewe.

Aivi ya Uingereza, ambayo wanasayansi huiita Hedera helix, haipukutishi majani mwaka mzima. Ukilifunua jani kwenye ukuta utaona shina limeota vinyweleo vifupi vya kahawia, vilivyosongamana upande mmoja tu, ule unaogusa jiwe. Hivyo ni vijizizi vya kushikilia, vinavyotoa ute wenye kunata na kujipenyeza katika vitundu vidogo vya jiwe. Maji na virutubisho mmea huvipata ardhini, kwa mizizi yake ya kawaida. Kwa hiyo, katika hali ya kawaida, ukuta si chakula cha aivi. Aidha, msomaji anayekutana na maelezo ya chuo cha Marekani kilichofunikwa na majani mekundu wakati wa vuli ajue kwamba, kwa kawaida, huo ni mmea mwingine kabisa, wa jamii ya mzabibu, wenye asili ya China, Korea na Japani, ambao hushika ukuta kwa vidole vyenye vikombe vya kunata na hubaki bila majani wakati wa baridi.

Swali la madhara lilichunguzwa kwa vipimo na Profesa Heather Viles na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, kwa kushirikiana na English Heritage, taasisi ya kuhifadhi majengo ya kale Uingereza, na ripoti yao ikatolewa mwaka 2010. Waliweka vipima joto na unyevu kwenye kuta zenye aivi na kwenye kuta tupu zilizo karibu, wakabaini kwamba kuta zilizofunikwa hazikupata joto kali mchana wala baridi kali usiku kama zile tupu. Jambo hilo ni zito kuliko linavyosikika. Katika nchi ya baridi, maji yaliyonywewa na jiwe huganda na kutanuka, kisha huyeyuka, kisha huganda tena, na mzunguko huo ndio unaobandua uso wa jiwe. Chumvi iliyomo nayo hufanya kazi kama hiyo kila ukuta unapolowa na kukauka. Majani ya aivi, yaliyopangana kama vigae, hupunguza mvua inayofika ukutani, na pia hunasa masizi ya magari kabla hayajaufikia.

Hata hivyo, watafiti haohao hawakuisafisha aivi kwa kila hali. Ukuta ambao tayari una nyufa, au ambao chokaa yake ya kuungia mawe imekwisha kulika, unaweza kuingiwa na shina, nalo likishanenepa ndani hutanua ufa na kusukuma mawe. Wasomaji wa pwani yetu wanaujua uharibifu wa namna hiyo kutoka Gedi na Kilwa Kisiwani, ingawa huko mhusika ni miti ya jamii ya mkuyu, ambayo mbegu yake hudondoshwa na ndege juu ya ukuta na mizizi kushuka ikipita ndani ya chokaa. Mti wa namna hiyo hauna utetezi ninaoufahamu.

Kosa linalofanyika mara nyingi Uingereza ni kukata shina la aivi karibu na ardhi na kuondoka. Mmea ulionyimwa udongo hutafuta maji kwingine, na pale penye nyufa huweza kuotesha mizizi ya kweli ndani ya ukuta wenyewe, hivyo anayekata kwa kuamini shairi anaweza kuifanya aivi iwe mlaji kweli. Pale ukuta ulipo mzima, inatosha kuipogoa kila mwaka isifike kwenye mifereji ya maji, paa na madirisha. Pale ulipopasuka, fundi mwashi awe tayari na chokaa kabla ya msumeno kuguswa, na mashina yaliyozama yakatwe vipande vipande badala ya kuvutwa, kwa sababu shina linalovutwa hutoka na jiwe.