Shule kusimamiwa na jimbo si kuuzwa

Katika makundi ya mazungumzo ya simu huzunguka ujumbe usemao kwamba jimbo la Texas, Marekani, likiingilia shule za umma zinazofanya vibaya mfululizo, shule hizo huwa zimeuzwa kwa watu binafsi na wazazi wataanza kulipa ada. Dai hilo si kweli.

Sheria ya jimbo iliyopitishwa mwaka 2015 inaeleza kwamba hata shule moja tu ikipata alama ya kutoridhisha kwa miaka 5 mfululizo, kamishna wa elimu hulazimika ama kuifunga shule hiyo, ama kuteua bodi ya wasimamizi itakayoongoza wilaya nzima ya elimu kwa muda. Wajumbe wa bodi ya wilaya waliochaguliwa na wananchi hukaa pembeni bila mamlaka, kisha hurejeshwa kwa awamu. Shule zenyewe hubaki za umma, huendeshwa kwa fedha za kodi, na watoto husoma bila ada.

Mkanganyiko huu unaeleweka, kwa kuwa hatua hii huitwa jimbo "kuchukua" shule, na neno hilo husikika kama kunyang'anya, na kufunga shule kumo kweli ndani ya sheria. Hofu ya wazazi kuhusu hilo ni ya haki kabisa.

Alama za kila shule, kuanzia A hadi F, huwekwa kwenye tovuti rasmi ya jimbo, na vikao vya bodi huwa wazi kwa wananchi. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze kabla ya kutazama huko.