Je, wajua kwanini tusi la jukwaani huwa linaishia kwa jirani?

Tarehe 10 Oktoba 2008, kwenye mkutano wa kampeni mjini Lakeville, jimbo la Minnesota kule Marekani, mama mmoja alipewa maiki akamwambia John McCain, mgombea wa Republican, kwamba Obama yeye hamuamini, amesoma habari zake, ni Mwarabu. McCain akatikisa kichwa, akaichukua ile maiki akajibu: hapana mama, yule ni mtu mwema, ana familia, ni raia, ila mimi na yeye tunatofautiana kwenye mambo ya msingi na kampeni hii inahusu hayo. Kwenye mkutano huo huo alishamwambia mtu mwingine kwamba hana haja ya kuogopa Obama akiwa rais, na watu wake mwenyewe wakamzomea. Yaani unazomewa na wapiga kura wako, zimebaki siku 25, na kwenye kura za maoni uko nyuma. Wapo waliolikosoa lile jibu, manake kuwa Mwarabu na kuwa mtu mwema wala havipingani, na hapo nakubaliana nao kabisa. Ila lile tendo la kukataa kura inayokuja kwa njia ya uongo na chuki, hilo nalipa heshima zake zote.

Sasa kwanini mtu afanye hivyo wakati matusi yanashangiliwa? Wengi tunachukulia ustaarabu kwenye kampeni kama adabu tu, kwamba wazee wanasikiliza, watoto wapo. Mimi naona kazi yake kubwa iko siku ya matokeo.

Hebu fikiria, miezi mitatu mfululizo umeambiwa yule mwingine ni nyoka, ni msaliti, akipita tu mmekwisha nyinyi na watoto wenu, halafu asubuhi moja tume inatangaza kashinda yeye. Unakubali vipi? Mtu aliyeambiwa tunapishana kuhusu kodi, kuhusu shule, kuhusu barabara, huyo akishindwa ataumia lakini atajipanga, uchaguzi mwingine upo. Aliyeambiwa anakuja kumalizwa hawezi kusubiri miaka mitano, kwake kushindwa ni kufa, na mtu anayeona anakufa anafanya lolote.

Halafu kuna safari ya lile neno lenyewe. Mgombea anasema nusu, tena kwa fumbo, anasema tu "wale". Mpambe wake anayefuata kwenye maiki anamalizia. Kijana aliyekuwa anarekodi anakata klipu ya sekunde kumi na tano, inaingia magrupu ya WhatsApp, inafika kwa mtu ambaye mkutano wenyewe hakuwepo na hajui hata kilichosemwa kabla wala baada. Huyo sasa anajiuliza "wale" ni kina nani, na mwanasiasa wa upande ule yuko mbali, ana walinzi na gari la vioo vyeusi, hamfikii. Anayemfikia ni jirani, yule wa mlango wa pili mwenye jina la upande ule, au aliyebandika picha ya mgombea ule ukutani.

Kenya wanalijua hili kwa uchungu. Kuna neno lilitumika sana kule Bonde la Ufa, "madoadoa", ukilisikia juu juu ni neno la kawaida tu, madoa kwenye nguo, lakini kwenye siasa lilimaanisha watu wa kabila lingine wanaoishi pale, na doa si linatolewa jamani? Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na zaidi ya laki sita wakahama makwao, mpaka makubaliano yakasainiwa Februari 28, 2008. Sisemi maneno peke yake ndio yaliyoua, kulikuwa na mgogoro wa matokeo yenyewe, na chini yake ardhi na kinyongo cha miaka mingi. Lakini maneno ndiyo yaliyokuwa yameshamwonyesha kila mtu aelekee mlango gani. Mwaka huo huo 2008 wakatunga sheria iliyoanzisha Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na kuelekea uchaguzi wa 2022 tume hiyo ikaliweka "madoadoa" kwenye orodha ya maneno ya chuki.

Na kuna hasara nyingine haipigiwi kelele, watu wazuri wanakimbia siasa, hasa wanawake. Mwaka 2016 Umoja wa Mabunge Duniani uliwahoji wabunge wanawake 55 kutoka nchi 39, asilimia 81.8 walisema wamefanyiwa ukatili wa kisaikolojia, na asilimia 44.4 walitishiwa kuuawa, kubakwa, kupigwa au kutekwa. Mwanaume anaulizwa sera, mwanamke anaulizwa ameolewa na nani na analala wapi. Binti mwenye akili yake akiyaona hayo kwenye simu anaamua bora akae pembeni, na huwezi kumlaumu.

Ila niseme hili kwa nguvu, ustaarabu usigeuzwe kuwa kufuli la kuwafunga watu midomo. Kumuuliza mgombea pesa za mradi zimeenda wapi, na risiti unayo mkononi, hilo sio tusi hata akinuna vipi. Kumwambia ameahidi mara mbili na mara zote hakutekeleza, sio tusi. Tusi ni pale unapoacha alichofanya ukashika alivyozaliwa, kabila lake, dini yake, mwili wake, mama yake. Mtu akiambiwa alichofanya anaweza kujitetea au kujirekebisha, akiambiwa alivyozaliwa atajibu nini?

Nigeria 2015 Goodluck Jonathan na Muhammadu Buhari walisaini makubaliano ya kampeni ya amani mwezi Januari, wakarudia tena siku chache kabla ya kupiga kura. Kampeni haikuwa safi hivyo, matusi yalikuwepo, lakini Machi 31, kabla hata matokeo ya mwisho hayajatangazwa, Jonathan aliyekuwa rais madarakani alimpigia simu Buhari akampongeza.

Na McCain? Usiku wa Novemba 4, 2008 alisimama Phoenix mbele ya watu wake akawaambia amempigia Obama kumpongeza. Walipoanza kuzomea aliinua mikono kuwatuliza, akawaomba, tafadhali. Wakanyamaza, akaendelea kuongea.