"Kielektroniki" si aina ya muziki

Nimeambiwa tena, safari hii na mkutubi mwenzangu, kwamba muziki ulioko mtandaoni hauna haja ya kusumbuliwa na kanuni za kuorodhesha: andika "rasilimali ya kielektroniki", bandika kiungo, kazi imekwisha. Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo.

Chukua sonata ya piano ya Beethoven ambayo wengi huiita Mbalamwezi. Maktaba inazo faili mbili. Ya kwanza ni PDF ya noti. Ya pili ni sauti ya mpiga piano akiicheza. Mwanafunzi mwenye mtihani wa piano anataka noti azipige, na ile sauti, hata iwe tamu vipi, haimwonyeshi kidole kiende wapi. Ukiziita zote mbili "rasilimali ya kielektroniki" umemwambia jambo moja tu, kwamba atahitaji kompyuta, naye tayari ameketi mbele yake.

Kasoro hii ni ya siku nyingi. AACR2, kitabu cha kanuni za kuorodhesha cha 1978, kiliruhusu neno moja la jumla kwenye mabano baada ya jina kuu, pale tagi 245 $h (sehemu ya rekodi ya katalogi inayobeba jina). Kwa vitu vya kompyuta neno lenyewe lilibadilishwa 1988 na tena 2001, lakini nafasi ikabaki moja na maswali yakabaki mawili: ndani mna nini, na kimebebwa na nini? Noti zikiwa kwenye faili, chombo kilishinda na muziki ukapotea.

RDA, kanuni mpya iliyoirithi AACR2, iliyotoka 2010 na kuanza kutumika rasmi Library of Congress (Maktaba ya Bunge la Marekani) tarehe 31 Machi 2013, iliyatenganisha maswali hayo. Tagi 336 ni maudhui, 337 ni kifaa cha kuyafikia, 338 ni chombo kinachoyabeba. PDF yetu: muziki wa noti, kompyuta, mtandaoni. Sauti yetu: muziki uliochezwa, kompyuta, mtandaoni. Zinapishana kwenye 336 peke yake, na hapo hapo ndipo penye haja ya mwanafunzi wetu. Uchezaji uleule ukiwa kwenye sidii, 336 haiguswi. 337 na 338 ndizo zinazobadilika. Sihitaji kueleza zaidi.

Ninapokosa subira kabisa ni kwenye jina. "Watu watatafuta tu, mashine itawapa." Watafute kwa jina lipi? Beethoven aliichapisha sonata hii 1802 kama opusi (namba ya kazi ya mtunzi) 27, namba 2. Ni ya 14 katika sonata zake 32 za piano zenye namba. Jina la Mbalamwezi hakulitoa yeye, lilikuja kushika baada ya kifo chake cha 1827. Sasa ganda (jalada) moja limeandikwa Mondscheinsonate, la pili Moonlight, la tatu Sonata Na. 14, la nne limeandika opusi 27 bila zaidi, na ndani mna sonata mbili. Anayeifahamu kwa Kifaransa ataandika Clair de lune, aletewe kipande cha mtunzi Debussy ambacho hakihusiani nayo hata kidogo. Kisanduku cha kutafutia hulinganisha herufi. Hakiwezi kujua kwamba majina manne ni kazi moja, wala kwamba jina moja ni kazi mbili, mpaka mtu awe amekiambia.

Kukiambia huko ndiyo kazi ya tagi 240, yenye jina sanifu la utunzi: sonata, piano, namba ya mfululizo, opusi, ufunguo. Ganda liseme lugha yoyote, rekodi zote za katalogi zinakutana hapo. Toleo lililopangwa kwa gitaa nalo huingia chini ya jina hilohilo, likiongezewa alama kwamba limepangwa upya, na 382, tagi ya ala, ikataja gitaa ili mpiga piano asilipakue bure. Kuwa mtandaoni hakuondoi hata hatua moja ya hizi. Kwenye rafu msomaji angefungua kitabu akaona noti kwa macho yake. Mtandaoni anaona kile tulichokiandika tu.

Yapo yanayonitatiza. Lile neno la mabanoni, pamoja na ubovu wake, msomaji aliliona mara moja karibu na jina. Mifumo mingi huzificha 336 hadi 338, au huzionyesha kwa maneno yasiyomsaidia mtu, na hapo siwezi kudai kwamba msomaji amefaidika na kanuni mpya. Tena, mwongozo wa 2009 wa PCC, ushirika wa maktaba wa kuorodhesha, ulihimiza rekodi moja ya katalogi kwa kitabu kilekile hata kikiuzwa na wasambazaji watano. Kwa vitabu nakubali. Kwa sauti nasita: msambazaji mmoja anatoa sauti iliyorekodiwa zamani ilivyo, mwingine anatoa iliyosafishwa upya, na mwanamuziki anazisikia kuwa vitu viwili. Mimi hutenganisha pale usafishaji umetajwa wazi, ingawa wenzangu ninaowaheshimu huziunganisha na sina hoja ya kuwashinda moja kwa moja.

Mafungu ya rekodi za katalogi kutoka kwa wasambazaji siyapakii kabla ya kukagua 336 na 240. Yenye "rasilimali ya kielektroniki" pekee hurudi yalikotoka, na barua ya kueleza kinachokosekana, tagi kwa tagi.