Bodi ilipoficha hesabu: kisa cha Sweet Briar

Tarehe 3 Machi 2015, rais wa Chuo cha Sweet Briar, Virginia, Marekani, alitangaza kwamba chuo kingefungwa mwezi Agosti. Bodi ya wadhamini ilikuwa imekwisha kupiga kura siku chache kabla, kwa kauli moja. Wengi waliohusika hawakuwa na fununu yoyote.

Nashughulika na utawala wa vyuo, na kila nikiulizwa uongozi wa chuo kidogo hupimwaje, huanzia hapo.

Vyuo vya aina hii hujikita kwenye shahada ya kwanza. Falsafa, historia na biolojia hukaa pamoja, madarasa ni madogo, mwalimu humjua kila mwanafunzi kwa jina. Elimu hiyo ni ghali kuitoa, na mapato yake yanadanganya macho. Ada inayotangazwa siyo inayolipwa: ili kuvutia wanafunzi, chuo hutoa punguzo, na kila mwaka mvutano na vyuo jirani hulisukuma juu. Sweet Briar, punguzo lilikuwa limevuka asilimia 60. Maana yake, katika kila dola 100 za ada iliyotangazwa, chuo kilibaki na chini ya 40. Kulikuwa na mfuko wa dhamana, yaani michango iliyowekezwa ili faida yake isaidie chuo, wa takriban dola milioni 84, lakini sehemu kubwa ilifungwa na masharti ya wafadhili. Fedha iliyotolewa kwa kusudi moja huwezi kuihamishia mishahara kwa sababu tu mwezi umekuwa mgumu.

Kwa hiyo bodi haikuzua tatizo, lilikuwepo kweli. Ninachowalaumu ni kulifungia chumbani mpaka likawa hukumu.

Wahitimu waliposikia, walianza kuchanga papo hapo. Mwanasheria wa Kaunti ya Amherst, chuo kilipo, Ellen Bowyer, alifungua kesi, akishikilia kwamba chuo kilichoanzishwa mwaka 1901 kwa wosia wa Indiana Fletcher Williams, kumkumbuka bintiye Daisy, hakiwezi kufungwa hivi hivi. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Virginia. Mwezi Juni pande zote zikapatana: wahitimu walete dola milioni 12, masharti yaondolewe kwenye milioni 16 za mfuko, rais na wajumbe wengi wa bodi waondoke. Fedha ambayo uongozi uliamini haipo ilipatikana pale watu walipoelezwa hali.

Phillip Stone alishika usukani na chuo kikafungua milango msimu ule ule. Meredith Woo, aliyemfuata mwaka 2017, alifanya jambo ninalolipenda zaidi: alishusha ada inayotangazwa hadi dola 21,000, ili mzazi aone bei iliyo karibu na ile atakayolipa.

Sisemi kila chuo kitaokoka kikifungua vitabu vyake. Vingine havina wahitimu wenye uwezo huo, na baada ya kuona hesabu, wote watakubali kufunga. Lakini uamuzi ukijulikana miaka miwili mapema, mwanafunzi wa mwaka wa pili humaliza shahada yake pale pale, na mhadhiri hupata muda wa kutafuta kazi nyingine, kwa kuwa vyuo vingi vya Marekani huwa vimekwisha kuajiri kwa mwaka unaofuata ifikapo Machi.