Kina cha Ziwa Tanganyika Hakiulindi Mwambao Wake

Wiki iliyopita, karibu na mwalo wa Kibirizi, nilimsihi mzee mmoja asilime hadi majini, naye akanijibu kwa upole: "Bwana samaki, ziwa lote hili, tope la kashamba kangu litalifanya nini?" Jibu hilo nimelisikia Kigoma nzima, na linanichosha kuliko mengine yote kwa sababu nusu yake ni kweli.

Tanganyika lina kina kinachokaribia mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Hata hivyo, maji yake ya juu na ya chini hayachanganyiki kikamilifu, hivyo kuanzia mita 100 hadi 200 kwenda chini, kutegemea upande wa ziwa, hakuna oksijeni na samaki hawezi kuishi. Sehemu kubwa ya ukuu tunaojivunia ni maji yasiyo na samaki hata mmoja. Uhai umebanwa katika tabaka jembamba la juu, na utajiri wa aina zake uko kandokando, kwenye miamba, mchanga na malundo ya makombe ya konokono, wanamoishi samaki wa jamii ya sichilidi wa aina zaidi ya 200, karibu wote wasiopatikana kwingine duniani. Kuhe, ambaye hakuna mtu wa Kigoma anayehitaji kuelezwa utamu wake, ni wa jamii hiyo. Hutaga sakafuni karibu na ufuko na kuwalinda watoto wake hapohapo. Wachanga wa mojawapo ya aina zetu mbili za dagaa nao hukulia kandokando.

Huko ndiko tope la kashamba linakotua. Hufunika mwani wa miambani ambao ni chakula, kisha huziba nafasi baina ya mawe ambamo samaki hujificha na kuzaliana. Matete na mafunjo hupunguza kasi ya maji ya mvua, na tope likatuama kabla ya kufika ziwani. Nitalirudia hili hata nikichokwa: acheni ukanda wa matete kabla ya kufikiria kujenga ukuta wa mawe, kwa maana ukuta hauchuji chochote.

Eti matete hufuga mamba? Tahadhari ni ya haki, ila mamba huota jua hata kwenye mchanga mtupu.

Eti kuacha mita 60 kutoka majini bila shughuli za kudumu ni sheria ya watu wa pwani ya bahari, wa Tanga na Mtwara? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataja bahari, maziwa na kingo za mito kwa pamoja.

Wengine husema kupumzisha ziwa kwa kusitisha uvuvi, kama lilivyofungwa kati ya Mei na Agosti 2024, ni jambo geni kwetu. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa wamekuwa wakipumzika siku za mbalamwezi na kushona nyavu ufukoni muda mrefu kabla yangu. Sidai kwamba walikusudia uhifadhi, kwani taa hushindwa tu na mwezi. Lakini mapumziko yenyewe si mageni.

Mzee wa Kibirizi ameniambia nirudi mvua za Novemba zikianza. Nitakwenda na futi kamba.