Cheti hakichuji moshi: ninavyopima kaboni ya vichungi vya sigara

Kila mzigo wa kaboni amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa ili unase gesi, unaofika maabara huja na cheti chake, na cheti hicho karibu kila mara kinapendeza: CTC (kipimo cha uwezo wa kubeba gesi, nitakieleza) asilimia 60 au zaidi, unyevu chini ya 5, majivu chini ya 4, ugumu 98. Siwatuhumu wauzaji kwa uongo. Nikipima upya, mara nyingi napata namba zilezile. Lakini kaboni mbili zenye vyeti vinavyolingana zikitiwa kwenye vichungi, moja inaweza kunasa akrolini, gesi ya moshi inayowasha, vizuri na nyingine ikaiachia ipite. Tofauti hiyo ndiyo kazi yangu.

Kwanza malighafi. Kaboni inayopendwa kwa kazi hii ni ya vifuu vya nazi. Vifuu huchomwa kwa hewa haba vikawa mkaa, kisha mkaa huo huingizwa kwenye tanuri la nyuzi 800 hadi 1000 na kupigwa mvuke wa maji. Mvuke unaula mkaa kidogo kidogo na kuacha vitundu vingi mno, vingi vyake vikiwa na upana usiofika nanomita 2. Humo ndani molekuli ya gesi huvutwa na kuta za pande zote kwa pamoja, ndiyo maana ikiingia haitoki kirahisi. Gramu moja ya kaboni kama hiyo ina uso wa mita za mraba 1000 au zaidi. Kichungi hubeba miligramu 50 hadi 100 tu, lakini hata hizo ni makumi ya mita za mraba.

Sasa hiyo CTC. Ni kifupi cha kaboni tetrakloridi. Hewa iliyoshiba mvuke wa kimiminika hicho ilipitishwa kwenye kaboni mpaka uzito ukome kuongezeka, na ongezeko ndilo lililoandikwa kwa asilimia. Kemikali hiyo inaharibu ini, inaharibu na tabaka la ozoni, na marekebisho ya mwaka 1990 yaliiingiza kwenye Itifaki ya Montreal. Siku hizi tunapitisha gesi ya butani kwa utaratibu wa ASTM D5742, kiwango cha upimaji cha Marekani, halafu tunazidisha jibu kwa takriban 2.55 ili tupate namba ya CTC, kwa kuwa soko limegoma kuzungumza lugha nyingine. Kaboni inayouzwa kama CTC 60 kwa kawaida ni kaboni iliyobeba butani kiasi cha asilimia 23.5 ya uzito wake. Kaboni tetrakloridi yenyewe haijaiona kabisa.

Jaribio la butani napenda kulisimamia mwenyewe. Neli ya kioo ikishajazwa punje na gesi ikifunguliwa, weka kidole upande gesi inapoingilia. Kioo kinapata joto. Baada ya muda joto linahama, linasogea mbele taratibu kufuata gesi, na ulipogusa mwanzo panaanza kupoa. Kunasa gesi hutoa joto, kwa hiyo ule ukanda wa moto ndipo kazi inapofanyika wakati huo: nyuma yake kaboni imeshajaa, mbele yake bado haijaguswa. Kaboni yenye kasi huwa na ukanda mfupi, unahisi kabisa unapoanzia na unapoishia. Kaboni inayochelewa kushika huwa na ukanda mrefu uliotawanyika, joto lisilojua mpaka wake. Mwisho wa jaribio zote mbili zinaweza kuwa na uzito uleule na asilimia ileile. Fomu haina nafasi ya jambo hili, nami huliandika pembeni kwa kalamu.

Umuhimu wake unaonekana ukipiga hesabu ya sigara yenyewe. Mashine ya kuvutia sigara kwa kanuni ya kimataifa ya ISO 3308 huvuta mililita 35 kwa sekunde 2, mara moja kila dakika. Hiyo ni mililita 17.5 kwa sekunde. Kichungi chenye kipenyo cha milimita 7.7 kinapitisha moshi huo kwa mwendo wa karibu sentimita 38 kwa sekunde, na kama chumba cha kaboni kina urefu wa milimita 5, moshi unakivuka kwa takriban milisekunde 13. Punje zenyewe zimechukua zaidi ya nusu ya nafasi hiyo, kwa hiyo muda halisi ni mfupi zaidi. Ukitumia kanuni kali, ya mililita 55 kwa sekunde 2, unapungua tena kwa zaidi ya theluthi moja. Jaribio la butani huisubiri kaboni mpaka ishibe. Kuchagua kaboni ya sigara kwa CTC peke yake ni kumpima mkimbiaji kwa mizani.

Kwa hiyo baada ya CTC macho yangu yanaenda kwenye chekeche. Kaboni ya vichungi mara nyingi huagizwa kwa kipimo cha 30×70, yaani punje zinazopita tundu la mikroni 600 na kukwama kwenye tundu la mikroni 212. Molekuli ikifika kwenye punje ndogo ina safari fupi ya kwenda ndani, ndiyo maana punje ndogo zina kasi. Lakini zikizidi udogo, sigara inakuwa ngumu kuvuta, na mvutaji hulihisi hilo kabla ya chombo chochote. Vyeti vingi vinasema tu kwamba asilimia 90 na kitu ziko ndani ya kipimo. Hiyo hainitoshi. Nataka kujua zimejazana upande gani wa kipimo, kwa hiyo naongeza chekeche mbili za katikati na kupima kila tabaka. Hapa ndipo kaboni zenye vyeti vinavyolingana huachana mara nyingi zaidi.

Unyevu ni mjanja. Njia ya kawaida ni kukausha sampuli kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa saa 3 na kupima kilichopotea. Tatizo ni kwamba oveni huhesabu kila kinachoondoka kuwa ni maji. Kama kaboni imehifadhiwa karibu na viyeyusho au manukato, navyo vinaondoka, na wewe unaandika unyevu. Nikishuku hivyo natumia njia ya kuchemsha na zailini, kiyeyusho kisichochanganyika na maji, ambamo maji hujitenga na kusomwa kwa ujazo wake. Halafu nanusa. Kaboni nzuri haina harufu yoyote, na pua haihitaji umeme.

Namba ya iodini, yaani kiasi cha iodini ambacho kaboni hunasa, nitaipita haraka. Ni kipimo kizuri kwa watu wa maji, kwa kuwa kinafanyika ndani ya maji. Kwa moshi kinanisaidia tu kugundua mzigo ulioachana sana na ule uliotangulia.

Vumbi silipiti haraka. Jaribio la ugumu huchanganya kaboni na mipira ya chuma 30 kwenye sahani na kuitikisa kwa dakika 30, na vifuu vya nazi hulifaulu bila jasho. Lakini vumbi la kichungi halitokani na mipira ya chuma, linatokana na gunia kuburutwa, punje kumiminwa kutoka juu, na mashine kuzitupa kwenye vichungi kwa mwendo mkali. Ninachofanya ni kuchukua vichungi vilivyokamilika na kuvuta hewa kavu, bila kuwasha chochote, kupitia karatasi nyeupe ya nyuzi za kioo. Kisha naiweka karatasi chini ya hadubini na kuhesabu vidoa vyeusi. Kila kidoa ni kipande ambacho kingeingia mdomoni, na vidogo zaidi vingeweza kufika mbali kuliko mdomo. Kwangu hili lina uzito kuliko tofauti ya CTC 60 na 65, na ndilo jaribio ambalo wanunuzi hawaliulizi.

Hatimaye sigara huwashwa kwenye mashine. Karatasi ya nyuzi za kioo hunasa chembe, na gesi inayobaki hupimwa mvuto kwa mvuto. Kulinganisha na sigara isiyo na kaboni hakutoshi, kwa sababu mtiririko wa hewa umebadilika, kwa hiyo nalinganisha na kichungi chenye punje zisizonasa kitu, za ukubwa uleule. Grafu huwa na sura moja: mivuto ya mwanzo gesi ya asetaldehidi ni kidogo, kisha inapanda. Inachemka kwenye nyuzi 20 tu, kaboni haiishiki kwa nguvu. Benzeni, inayochemka kwenye nyuzi 80, hukaa muda mrefu zaidi.

Kuna gesi ambazo hakuna kaboni nzuri itakayozinasa. Kaboni monoksaidi inapita kana kwamba kichungi hakipo. Lami na nikotini husafiri zaidi ndani ya chembe, na hizo hazina habari na vitundu vya nanomita 2. Kwa hiyo mtu akinitaka niandike kwenye ripoti kwamba kichungi kinapunguza madhara ya uvutaji, siandiki. Napima gesi zilizonaswa, na kunasa gesi kadhaa hakujathibitisha kwamba mvutaji ataugua kidogo.

Jaribio hilo lote ni la kichungi kipya. Nyuzi za selulosi asetati zilizo jirani na kaboni zimepuliziwa triasetini ili zishikamane, na triasetini hiyo huhama polepole kuingia kwenye vitundu. Kama sigara ina mentholi, nayo huhamia hukohuko: mteja anapoteza ladha, kaboni inapoteza nafasi. Ndiyo maana narudia majaribio kwenye vichungi vilivyokaa ghalani. Pia kila mzigo naweka sampuli yake kwenye chupa ya kioo iliyozibwa na kuandikwa tarehe. Malalamiko yakija baadaye, napima ya chupani na ya kwenye kichungi siku moja. Ya chupani ikiwa bado nzima na ya kichungi imechoka, muuzaji wa kaboni hana kesi, na kikao kinahamia kwa watu wa gundi na ghala.